Mhariri, kozi siyo ya kompyuta tu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, kwa sasa naishi Trenton, jimbo la New Jersey huku Marekani, nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo na gazeti lenu nalisoma kwenye simu saa nane za usiku tukipewa mapumziko, chai yangu kwenye chupa pembeni. Barua kwa mhariri sijawahi kuandika hata siku moja, kwahiyo nikirukaruka mnisamehe. Nina ombi linalohusu majina ya ndege, ila nitalisema mbele, manake nikianza nalo hapa juu mtasema huyu kakosa kazi ya kufanya. Ngoja kwanza niwaeleze safari.

Ilianza na kamera. Mwaka jana nilinunua kamera ya mtumba pamoja na lenzi ndefu, ile ya milimita 150 mpaka 600, nia yangu ilikuwa nipige picha kwenye maharusi ya Waswahili wa huku nipate hela ya pembeni. Kumbe lenzi ile kwa harusi haifai kabisa, labda wewe uwe mtaa wa pili na bibi harusi yuko mtaa wa kwanza. Siku moja niko uani najaribu jaribu kupiga njiwa wa juu ya paa, jirani yangu mzee wa Kimarekani, mstaafu wa posta, akachungulia akacheka sana akaniambia hiyo uliyonunua ni lenzi ya ndege, twende nikakuonyeshe ndege wenyewe wanapopita.

Nikadhani tunaenda kesho yake. Wapi! Tulisubiri wiki mbili nzima tunaangalia upepo. Mzee kila jioni ananigongea, bado, upepo wa kusini huo, bado. Mimi nikawa najisemea huyu mzee vipi, ndege si wapo kila siku, lakini alipokuja kunieleza nikaelewa haraka, mtu wa Pangani ukimwambia habari za upepo huhitaji kurudia mara mbili, babu zetu wameishi kwa kaskazi na kusi. Ni hivi: kuanzia Septemba mpaka Novemba ndege wa Kanada na kaskazini ya Marekani wanakimbia baridi wanashuka kusini. Baridi kali ikipita na mvua yake, nyuma yake upepo unageuka unavuma toka kaskazini magharibi, basi unawasukuma kuelekea baharini, wakifika ufukweni hawataki kuingia bahari kuu wanaufuata ufukwe. Sasa jimbo la New Jersey kwa kusini limechongoka kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, wote wanajikuta wamemiminwa kwenye ncha moja inaitwa Cape May, na mbele yao kuna ghuba ya Delaware ambayo kwa feri ni maili 17, dakika 85 hivi. Pale wanasita. Wanazunguka, wanapumzika, wanakula, wanatafuta pa kuvukia. Na kwenye ncha yenyewe ndipo jimbo limeweka hifadhi yake, Cape May Point State Park.

Ijumaa moja ya Oktoba mvua ikanyesha mchana kutwa, usiku ikakata na upepo ukageuka. Saa kumi alfajiri mzee anagonga mlango. Nilikuwa nimetoka kazini hata viatu sijavua.

Barabara ni moja mpaka mwisho, na kweli ni mwisho, kibao cha mwisho cha kutokea kimeandikwa sifuri. Tulifika bado giza, mnara wa taa unazungusha mwanga wake juu yetu. Mnara huo ni wa mwaka 1859, kuna minara miwili iliyojengwa kabla yake na sehemu ilipokuwa imesimama leo ni maji, bahari imekula. Nikajipapasa mfukoni natafuta hela ya getini, mzee akaniambia weka hela yako, hapa kuingia ni bure. Sikuamini. Maegesho yamejaa magari hata jua halijatoka, watu wamevaa makoti wamening'iniza darubini shingoni, wazee wengi, lakini na vijana wapo, na mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu anasukumwa na mwanawe kwenye njia ya mbao iliyopita juu ya matope na matete mpaka ndani kabisa, kiti hakikwami popote. Nikamkumbuka bibi yangu ambaye miaka yake ya mwisho hakuweza hata kufika ufukweni kuangalia bahari aliyozaliwa nayo, na nyumba yetu toka ufukweni ni mwendo wa dakika kumi tu.

Jua lilipochomoza walianza wadogo. Vindege vya ukubwa wa chiriku, mamia kwa mamia, vinapita juu ya vichwa vyetu vinalia tsik tsik, vingi kiunoni vina doa la njano kama mtu kawapaka siagi. Vinatua kwenye vichaka vyenye vitunda vidogo vya kijivu vilivyofunikwa nta, na mzee akaniambia wengi wa jamii yao hawawezi kuisaga ile nta tumboni, hawa wanaiweza ndio maana wenzao wakienda mbali kabisa Amerika ya kusini hawa wengine wanabaki karibu wanavumilia baridi. Nikawapiga picha kama mia mbili hivi. Nilikuja kuziangalia nyumbani: majani, tawi, majani, mkia, majani. Yaani kindege hakikai sekunde mbili mahali pamoja.

Saa mbili asubuhi tukapanda jukwaani. Hapa ndio penyewe. Ni jukwaa kubwa la mbao limejengwa pembeni ya bwawa, na kila mwaka tokea 1976 kuna mtu anasimama pale anahesabu ndege wawindaji wanaopita, kila siku kuanzia mwanzo wa Septemba mpaka mwisho wa Novemba. Mhesabuji wa siku ile alikuwa binti mdogo tu, kavaa kofia ya sufu, mkononi ana kile kidude cha kubonyeza kama tasbihi za kidijitali wanazouza nje ya msikiti, macho hayatoki angani. Anabonyeza huku anasema kwa sauti ili watu wote wasikie, anapita juu ya mnara, anakuja kulia, anaingia kwenye wingu, na anataja jina. Mimi naona kidoa. Kidoa tu kama nukta ya kalamu! Yeye anataja jina, na jinsia, na kama ni mtoto wa mwaka huu au mtu mzima. Nikamuuliza unajuaje, hakunidharau, akanionyesha: huyu mdogo kichwa chake hakionekani vizuri kikiwa mbele ya mabawa, mkia umekatwa mraba, anapiga mabawa haraka haraka alafu anateleza. Yule mwingine anafanana naye ila kichwa kinatokeza, mkia wa duara na ncha nyeupe, anapiga mabawa polepole. Baada ya saa moja hivi nikaanza kuotea. Nikapatia mmoja, jukwaa zima likanipongeza, mtu mzima mimi nina watoto wawili nikafurahi kama nimefaulu darasa la saba.

Upande wa picha niliumbuka kwanza. Kipanga anapita juu, anga nyeupe, picha inatoka ndege mweusi tii kama kipande cha mkaa. Mzee akanishika mkono akanieleza kamera inadanganywa na anga, inadhani mwanga ni mwingi, kwahiyo wewe mwenyewe uongeze mwanga hatua moja au moja na nusu, na spidi usishushe chini ya moja ya elfu mbili ya sekunde, na fokasi iweke ile ya kufuata siyo ile ya kugandisha. Alafu akaniambia neno moja ambalo nililiona la kijinga mpaka nilipolifanya: anza kumfuata kwa macho akiwa mbali, kamera ipandishe bila kuondoa macho kwake. Mimi nilikuwa nashusha macho natafuta kitufe, nikiinua ndege kashafika Delaware.

Picha moja ndiyo iliyolipa safari nzima. Akaja ndege mkubwa kutoka baharini, kifua cheupe, mstari mweusi machoni kama mtu kapaka wanja, mabawa yamekunjika katikati, na chini kashika samaki. Sasa kumbuka hili: samaki hakumshika kiholela, kichwa cha samaki kimetangulia mbele na mkia nyuma, sambamba na mwili wake, ili upepo usimsumbue, mguu mmoja mbele mguu mmoja nyuma. Kama fundi kabeba ubao chini ya kwapa anapita uchochoroni. Nikamfuata, nikamfuata, nikabonyeza, picha kumi na nne, na katika moja jicho la samaki linaonekana na jicho la ndege linaonekana, yote mawili yananitazama mimi.

Mzee akasema huyo ni osprey. Akanieleza kwamba ilibaki kidogo jimbo hili wamalizike, sababu ilikuwa dawa ya wadudu ya DDT iliyopigwa mashambani na kwenye madimbwi ya mbu, ikaingia kwenye samaki, ndege wakala samaki, maganda ya mayai yakawa membamba yanavunjika mama akiyaatamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 New Jersey nzima vilibaki viota kama 50. Mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku hiyo dawa, watu wakaanza kuwajengea nguzo zenye majukwaa kwenye maji wapate pa kuweka viota, wakarudi.

Ndipo mzee akaniuliza swali lililonifanya niandike barua hii. Akaniuliza, kwenu mnamwitaje huyu? Kwa sababu ndege huyu wa aina hiyohiyo yuko dunia nzima, wa Ulaya baridi ikiingia wanashuka Afrika.

Nikafungua mdomo. Nikasema: ndege.

Akasema ndiyo, lakini ndege gani. Nikasema tai. Akaonyesha kidole upande wa pili, tai mwenyewe anapita, mwenye kichwa cheupe yule wa kwenye nembo yao, akasema na yule? Nikasema tai. Akaonyesha mdogo anayekwenda kama mshale juu ya bwawa, nikasema mwewe. Na huyu? Mwewe pia. Mzee wa watu hakunicheka, ila nilijisikia vibaya, mtu nimekulia pwani, baba yangu mvuvi, mjomba wangu mvuvi, nasimama mbele ya watu kiswahili changu chote kina maneno mawili.

Nikatoka pembeni nikampigia mama, Pangani ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mama nimekuja kuangalia ndege huku. Mama akapiga kelele ya furaha, we mwanangu! Unarudi lini, tiketi umekata? Nikamwambia hapana mama siyo ndege ya kusafiria, ndege ndege, wa kuruka. Akanyamaza. Alafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kwani umeota nini, manake kwetu mtu mzima akianza habari za ndege ni ama ndege njema ama ndege mbaya. Nikacheka mpaka watu wakageuka. Nikamwambia mpe simu mjomba.

Mjomba nikamweleza sura: mkubwa, kifua cheupe, wanja machoni, anajitupa majini miguu mbele. Hata hakufikiri. Furukombe huyo, akasema. Nyuma yake nasikia mtu mwingine barazani anabisha, hapana bwana huyo ni kwazi, furukombe analia yule, wakaanza kugombana wao kwa wao na salio langu linakwenda. Nikamuuliza na yule mdogo wa mshale, mwenye masharubu meusi mashavuni, anashuka toka juu anapiga ndege mwenzie hewani? Mjomba akasema, mwanangu huyo si ndiye kozi, hujui kozi mwandada kulala na njaa kupenda?

Mhariri, hiyo methali nimeisoma shule. Niliiandika kwenye mtihani! Na miaka yote hiyo nilidhani kozi ni... sijui hata nilidhani nini, labda mtu mmoja wa zamani. Ukimwambia kijana wa leo kozi atakuuliza ya kompyuta au ya udereva, ada shilingi ngapi. Na kozi ndiye yule ambaye kwa kasi hakuna kiumbe anayemfikia, akijiangusha toka juu anapita kilomita 300 kwa saa, watu wanatoka majimbo ya mbali wanamsubiri pale jukwaani tangu alfajiri, akipita wanashikana mikono. Sisi tuna methali yake na yeye mwenyewe hatumjui akipita juu ya vichwa vyetu.

Alafu nikaanza kuyafikiria mengine. Sululu, watu wanajua ni la kuchimbia mtaro, lakini sululu ni ndege pia, yule wa ufukweni mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na ukimwona tu unaelewa jina. Chozi leo ni la kulia, lakini chozi ni kile kindege kinachong'aa kinanyonya maua ya mgomba. Buabua, membe, mnandi, yangeyange, ninga, nani anayataja hayo siku hizi? Ukienda kwenye kamusi kutafuta msaada mara nyingi unakuta "aina ya ndege", nukta. Asante sana, hilo nilikuwa nalijua.

Na yangeyange mzee alinipa habari yake nyingine kabisa, akaniita ndugu yako. Kwamba yule mweupe anayefuata ng'ombe ni mzaliwa wa kwetu Afrika, mwishoni mwa karne ya 19 aliivuka Atlantiki mwenyewe akatokea Amerika ya kusini, akapanda polepole mpaka mwaka 1953 wakamkuta anataga Florida. Viza hakuomba, karatasi hana, na leo anahesabiwa ni ndege wa Marekani. Nilicheka lakini cheko lenyewe lilikuwa na kitu ndani, watu wa huku mtanielewa.

Sasa msinielewe vibaya kwamba huku ni peponi na kwetu hakuna kitu. Mchana tulishuka ufukweni ambapo kuna jengo la zege la vita vya pili vya dunia, la mwaka 1942, lilijengwa ndani nchi kavu lifunikwe na udongo, leo liko mchangani bahari inaligonga. Tumekaa kwenye kivuli chake tunakula mkate na mayai, mzee akanieleza miaka ya 1920 na 1930 watu wa Cape May walikuwa wanajipanga barabarani na bunduki upepo kama ule ukivuma, wanawaangusha hao hao vipanga, kwa mamia, wengine wanawapeleka nyumbani kuwala. Na waliokuwa wanawajua ndege kwa umbo hewani, kwa mbali kabisa, ni wale wapiga bunduki. Walioanza kuhesabu wakachukua maarifa yaleyale, wakaweka chini bunduki.

Hapo nikanyamaza. Kwa sababu na mimi nilikuwa na manati. Sisi watoto wa manati wa Pangani ndio tuliokuwa tunajua majina, tulijua yupi anakaa mkorosho gani, yupi nyama yake chungu, yupi ukimpiga bibi atakuchapa kwa sababu ni wa mkosi. Nilimpiga chozi mmoja nikiwa na miaka tisa kumi hivi, nilipomwokota kiganjani uzito wake ulikuwa kama wa karatasi na ile rangi ya kung'aa ikawa inafifia namwona. Sijamsahau. Basi manati tukaziacha, vizuri, lakini na majina tukayaacha palepale chini ya mkorosho, hatukuweka kitu kingine mahali pake. Wenzetu waliweka tasbihi ya kuhesabia.

Na wenye majina bado wapo, hili ndilo ninalotaka wasomaji walisikie. Likizo niliyokuja nyumbani baada ya safari ile, nilikwenda na kamera yangu sehemu fulani ya ufukwe huko pwani, sitaitaja, maji yamekupwa na ndege wa tope wamejaa. Sijapiga hata picha tano akaja mlinzi wa jengo la jirani mbio na kirungu, we bwana hapa picha marufuku, kamera kubwa hivyo unachunguza nini. Tukabishana mpaka jasho. Nikamwambia mzee wangu shikamoo kwanza, mimi napiga ndege tu, hebu angalia mwenyewe, nikamgeuzia kioo cha kamera. Akavaa miwani. Akatazama. Akasema, aah, sululu. Nikapeleka picha ya pili, huyu kitwitwi. Ya tatu, huyu membe, na huyu buabua, huyu ukimwona anajitupa majini ujue dagaa wapo chini. Kumbe alikuwa mvuvi miaka thelathini kabla mgongo haujamkatalia. Yule mzee alinikalisha kwenye kiti chake cha ulinzi akanisomesha nusu saa nzima, na picha bado marufuku, kamera aliniambia nizime! Wanawe wako mjini, hakuna aliyewahi kumuuliza. Na huyo binti wa Cape May mwenye kofia ya sufu analipwa, watu wanamzunguka wanamsikiliza kama shehe.

Mfano mwingine wa majina. Kuna kindege cha Marekani jina lake kamili ni Cape May warbler, kaitwa hivyo kwa sababu wa kwanza kuelezwa na yule mtaalamu wa ndege Alexander Wilson alipatikana pale mwaka 1811. Alafu baada ya hapo hakuonekana tena Cape May kwa zaidi ya miaka 100, hakai pale, alikuwa mpita njia tu kwenda zake. Lakini jina limeandikwa, limebaki. Sisi wetu wanakaa kwetu, wanataga kwetu, Pemba kuna ndege ambao duniani hawapatikani popote isipokuwa kisiwa kile, na jina la kile kibundi cha Pemba nililifahamu kwa kiingereza kabla sijalijua kwa lugha ya Wapemba.

Basi ombi langu ndilo hili Mhariri. Naomba gazeti lifungue kijisehemu kidogo, hata kama ni sanduku moja kwa wiki pale chini ya ratiba ya mpira, wasomaji walete majina ya ndege ya kwao. Siyo jina tupu, tutarudi kule kule kwenye "aina ya ndege". Jina, rangi, mdomo ukoje, miguu, anakula nini, analiaje, anaonekana mwezi gani, kijiji gani kinamwita hivyo. Wabishane, kama mjomba na mwenzake wa barazani, furukombe au kwazi, ubishi ndio utakaotuonyesha kama ni ndege wawili au ni mmoja mwenye majina mawili. Wa Lamu walete ya kwao, wa Kilwa, wa Unguja, wa Bara pia, na wa Kongo wana ya kwao. Vijana wenye simu wapige picha, siyo lazima lenzi ya harusi ya mtaa wa pili. Ila muwaulize wazee, na wale walinzi wa mageti ya ufukweni muwaamkie vizuri kabla hamjatoa kamera.

Nawatumia picha tatu, mzichape mkipenda, bure. Ya kwanza ndiyo ile ya samaki. Ya pili ni kozi, imetoka ukungu kidogo mtanisamehe, alikuwa kozi.

Ya tatu niliipiga Cape May saa kumi jioni karibu na lile jengo la zege, tukiwa tumeshakusanya vitu tunaondoka. Vindege vya kijivu na vyeupe, kundi la kama thelathini, wimbi likirudi vinalikimbilia vinadonoa mchangani, wimbi likija vinakimbia mbele yake kwa vimiguu vyeusi vya haraka haraka kama mashine ya cherehani, bila kulowa. Nilisimama nikawatazama mpaka mzee akapiga honi. Kwa sababu hao nawajua! Hao walikuwepo kwenye ufukwe wa kwetu kila mwaka toka naanza kupata akili. Hawa wa New Jersey wanazaliwa juu kabisa Kanada, wetu wanatoka upande wa Siberia, lakini ni ndege yuleyule na mchezo uleule na wimbi. Ukivuta picha utaona mguuni hana kidole cha nyuma, wenzie karibu wote wa jamii yake wanacho.

Nilimtumia mjomba kwenye WhatsApp. Akanijibu kwa voisi: "Hao ni vitwitwi, lakini vitwitwi wako wengi mwanangu, huyu wa kukimbizana na wimbi ana jina lake peke yake, marehemu babu yako alikuwa analitaja, ngoja nilikumbuke." Ni miezi minne sasa, kila nikipiga simu ananiambia bado liko ulimini. Kama kuna msomaji wa Pangani, Mkwaja, Kipumbwi au popote pwani anayelijua, naomba aliandike hapahapa gazetini, mjomba ana miaka 81 na gazeti lenu anasomewa kila Jumamosi.

Wasalaam,
Mzaliwa wa Pangani,
Trenton, New Jersey